Mpiga Picha Mgeni, Mnyama Mwenyeji

Waswahili husema kwamba mgeni ni kuku mweupe. Kila jicho humwona, naye kwa kujua kuwa anaonekana hukosa raha ya kutembea, raha ya kula, na hata raha ya kukaa. Methali hii ilitungwa kwa ajili ya wanadamu, lakini historia ya picha za wanyama wafugwao yaithibitisha vizuri. Kwa miaka mingi tangu sanaa ya kupiga picha ilipovumbuliwa, mbwa na paka waliitwa kwenda mbele ya kamera katika nyumba ya mtu mwingine. Walikwenda wakiwa wageni, na picha zao zikatoka picha za wageni. Baadaye njia iligeuka polepole: kamera ikatoka ikamfuata mnyama kwao, na mpiga picha ndiye akawa kuku mweupe. Mgeuko huo haukuletwa na chombo peke yake. Uliletwa pia na watu waliojifunza adabu mpya, na faida zake zilimfikia mnyama, mwenye mnyama na mwanahistoria.

Kwanza yafaa ifahamike kwamba wapiga picha wa zamani hawakuwa wakatili wala wajinga. Walibanwa na chombo. Uvumbuzi wa Louis Daguerre ulipotangazwa mjini Paris mwaka 1839, picha moja ilihitaji dakika kadhaa za mwanga mkali. Muda huo ulipungua miaka michache baadaye, walakini ulikuwa bado mrefu kiasi cha kumchosha mtu mzima. Mwanadamu aliweza kuombwa atulie. Kisogo chake kiliegemezwa kwenye chuma kilichofichwa nyuma yake, akakodoa macho, akangoja. Mbwa hawezi kuombwa hivyo. Masikio yake huitika kila sauti, na mkia wake hujibu kila salamu. Ndiyo sababu katika picha za miaka ile mbwa aliyekaa miguuni pa bwana wake mara nyingi ana mwili ulio wazi na kichwa kilichogeuka ukungu, ilhali bwana mwenyewe amekauka kama gogo. Mbwa aliyetoka vizuri aghalabu ni yule aliyekuwa amelala usingizi.

Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alitangaza njia ya bamba la kioo lililopakwa kolodioni. Njia hii ilifupisha muda, lakini ilikuja na kifungo kipya. Bamba lilipakwa dawa gizani, likatiwa katika kamera lingali majimaji, na ikalazimu picha isafishwe kabla dawa haijakauka. Kwa hiyo mpiga picha hakuweza kwenda mbali na chumba chake cha giza, isipokuwa kwa kubeba hema, chupa, beseni na masanduku ya vioo. Iliyokuwa rahisi ni kujenga chumba chenye paa la kioo, kupachika pazia lililochorwa bustani au nguzo za jumba, na kuwangoja watu waje. Mwenye kutaka picha ya paka wake alimtia paka kapuni, akamchukua njiani penye kelele za magari ya farasi, akamfungulia katika chumba chenye harufu ya dawa. Aliyetoka kapuni hakuwa tena yule paka aliyeotea moto jikoni.

Tofauti ilikuwako kwa wakubwa tu. Katika miaka ya 1850 na 1860 William Bambridge alipiga picha za mbwa wa Malkia Victoria huko Windsor, makaoni mwao wenyewe. Mbwa wa malkia hakwenda kwa mpiga picha. Mpiga picha alikwenda kwa mbwa wa malkia. Kwa hiyo tangu mwanzo kupigwa picha nyumbani kulikuwa heshima, na heshima hiyo, kama nyingi nyingine, iliwafikia wenye mali kwanza.

Yaliyowapata wanyama wa watu wengine yaonekana katika kazi ya Harry Pointer. Mtu huyu, aliyezaliwa mwaka 1822 na kufa mwaka 1889, alikuwa na studio katika mji wa Brighton, pwani ya Uingereza. Kuanzia karibu mwaka 1870 alipiga picha za paka zikampatia sifa. Picha zake za kwanza zilikuwa za kawaida: paka anakunywa maziwa, paka amelala katika kikapu. Baadaye aliona kwamba wanunuzi hupenda zaidi kichekesho. Akawapanga paka kama watu: huyu juu ya baiskeli ya magurudumu matatu, yule mbele ya birika la chai, mwingine nyuma ya kamera kana kwamba ndiye mpiga picha. Chini ya picha aliandika maneno ya salamu ili zinunuliwe na kutumwa wakati wa sikukuu. Kufikia miaka ya 1880 alikuwa na picha zipatazo mia mbili za namna hiyo. Watu walicheka, wala kucheka si dhambi. Lakini mtu akizitazama picha hizo kwa makini, atamwona Pointer katika kila moja, mawazo yake, mzaha wake na biashara yake, na paka atamwona kwa nadra.

Habari ya Harry Whittier Frees wa Pennsylvania, Marekani, aliyeishi kuanzia mwaka 1879 hadi 1953, ina fundisho kubwa zaidi, kwa kuwa mbegu ya kazi yake iliota nyumbani. Katika karamu ya siku ya kuzaliwa, mezani kwao, kofia ya karatasi ilipitishwa mkono kwa mkono mpaka ikatua juu ya kichwa cha paka wa nyumba. Frees akapiga picha. Paka yule alikuwa kwao, kati ya watu wake, na tukio lilikuwa la kweli. Tangu hapo Frees aliifanya kofia kuwa kazi ya maisha. Aliazima paka, watoto wa mbwa na sungura kwa majirani na kwa wafugaji, akawavika nguo zilizoshonwa maalumu na kushikizwa kwa pini, akawasimamisha kama wapishi, madaktari na waalimu. Kila picha ilichukua sehemu ya tano ya sekunde, muda mfupi kwa mtu lakini mrefu kwa mtoto wa paka, na karibu theluthi mbili za picha zake alizitupa. Kazi ilimchosha hata akawa anaifanya kwa miezi mitatu tu ya mwaka. Katika hesabu hiyo mna ushahidi ulio wazi: mnyama aliyeondolewa katika desturi zake humgharimu mpiga picha zaidi, naye hutoa kidogo zaidi.

Jogoo la shamba, wasema wahenga, haliwiki mjini. Haliwiki si kwa kuwa limepoteza koo, bali kwa kuwa halijui uwanja ni wa nani wala alfajiri ya hapo huanzia upande gani. Hali ya paka ni hiyo hiyo. Nyumbani kila pembe ina harufu yake mwenyewe, na kila njia ya kukimbilia aijua. Akiwekwa mahali pageni hujikunyata, masikio hulala nyuma, na mboni za macho hupanuka hata jicho lote likawa jeusi. Katika miaka ya karibuni waganga wa mifugo wamepima mapigo ya moyo na shinikizo la damu la wanyama nyumbani kwao, kisha wakawapima hao hao zahanatini, wakakuta vipimo vya zahanatini viko juu. Kwa hiyo picha iliyopigwa ugenini yaweza kuwa kweli kwa nywele na mabaka, ikawa si kweli kwa tabia. Huonyesha hofu ya mnyama, na wenyewe wakaiita sura yake.

La ajabu ni kwamba somo hili halikufundishwa kwanza na wapiga picha wa paka na mbwa, bali na wale waliofuata wanyama wa porini. Sababu yake ni nyepesi: ndege wa mwitu hawezi kuitwa studioni. Mwaka 1892 ndugu wawili Waingereza, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha ya kiota cha ndege chenye mayai, na mwaka 1895 wakatoa kitabu cha viota kilichopambwa kwa picha zilizopigwa palepale vilipokuwa. Mwaka 1900 walitengeneza ng'ombe wa bandia kwa ngozi ya ng'ombe wa kweli, mpiga picha akajificha tumboni mwake na kungoja ndege wazoee. Mpiga picha alikuwa amekubali kuwa mgeni, na kubeba taabu yote ya ugeni.

Hata hivyo kwenda kwa mwenyeji si kumheshimu mwenyeji. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani C. G. Schillings alipiga picha za usiku kwa mwako wa unga wa taa katika nchi iliyokuwa Afrika ya Mashariki ya Wadachi, na kitabu chake cha mwaka 1905 kilimpa jina kubwa Ulaya. Simba wake walikuwa kwao, katika nyika yao. Lakini ili waje mbele ya kamera, punda na ng'ombe walifungwa kamba mahali pale wawe chambo. Picha ilimwonyesha simba nyumbani mwake, na hapo hapo ikamwonyesha mnyama wa kufugwa akitolewa mhanga kwa ajili ya picha. Mgeni aliyeingia nyumba ya watu kwa hila hajawa mgeni mwema kwa sababu tu amevuka kizingiti.

Wakati huo huo kifungo cha chombo kilikuwa kikifunguka. Mwaka 1871 Richard Leach Maddox alieleza namna ya kutengeneza bamba kavu kwa jelatini, na kabla ya muongo ule kwisha mabamba hayo yakawa yanauzwa tayari. Mwaka 1888 George Eastman wa Rochester alitoa kamera ya Kodak yenye filamu ya picha 100. Mwenyewe alibonyeza tu, kisha akapeleka kamera nzima kiwandani picha zikasafishwe. Mwaka 1900 ikafuata Brownie, kisanduku kilichouzwa kwa dola moja, na filamu yake kwa senti 15. Heshima iliyokuwa ya mbwa wa malkia sasa ikamfikia mbwa wa fundi viatu.

Brownie haikuwa na macho ya kuona gizani. Ilitaka jua. Kwa hiyo picha za mbwa za miongo ile zilipigwa kizingitini, barazani, uani penye kamba ya nguo. Aliyepiga hakuwa fundi. Mara nyingine kivuli chake mwenyewe kilianguka ndani ya picha, na mkia wa mbwa ukakatika ukingoni. Lakini mbwa alitazama kamera kama alivyomtazama yule aliyeishika kila siku, kwa kuwa alikuwa mtu wake. Fundi wa studio, pamoja na paa lake la kioo na mapazia yake, hakuweza kuununua mtazamo ule.

Mtu mmoja alisafiri njia hii yote katika maisha mafupi. Camilla Koffler alizaliwa Vienna mwaka 1911, akasomea uchongaji wa sanamu mjini Belgrade. Huko alikuta kwamba jina lake linafanana na neno la Kiserbia lenye maana ya ngamia, akalibadili, akajiita Ylla. Alihamia Paris mwaka 1931, na mwaka uliofuata akaanza kupiga picha za wanyama, akafungua studio kwa ajili ya wanyama wafugwao wa watu wa mji ule. Hapo mwanzo, basi, naye alikuwa mwenye nyumba aliyewaita wageni. Vita vilipoenea Ulaya alikwenda New York, mwaka 1941, na jina lake likakua.

Lakini kadiri sifa yake ilivyokua ndivyo studio ilivyozidi kumwonea udogo. Mwaka 1952 alifunga safari ya kuja Afrika ya Mashariki kuwaona katika makao yao wanyama aliokuwa amewazoea katika bustani za maonyesho. Mwaka 1953 kilitoka kitabu cha picha alizopiga katika Afrika, na maelezo yake yaliandikwa na L. S. B. Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale aliyezaliwa Kabete, Kenya. Baadaye alikwenda Uhindi, na huko, mwaka 1955, alipokuwa akipiga picha za mashindano ya magari ya ng'ombe, alianguka kutoka motokaa, akafa kwa majeraha. Mfano wake haukufa naye. Sinema iliyopigwa Tanganyika na kutolewa mwaka 1962 kwa jina la Kiswahili, Hatari!, ina mwanamke mpiga picha za wanyama ambaye mwongozaji wake, Howard Hawks, alimtungia mfano kutoka kwa Ylla.

Mwenzake katika sanaa, Walter Chandoha, hakusafiri mbali hivyo. Alizaliwa Marekani mwaka 1920, akapiga picha za askari katika Vita vya Pili, kisha akarudi masomoni New York. Usiku mmoja wa baridi, mwaka 1949, alimkuta mtoto wa paka katika theluji, akamtia ndani ya koti, akamchukua kwa mkewe Maria. Kila usiku paka yule alirukaruka chumbani kama mwenye wazimu, wakamwita Loco, yaani kichaa. Chandoha alianza kupiga picha za vituko vile, na hakuacha. Aliishi miaka 98, akafa mwaka 2019, na picha za paka alizoacha hukadiriwa kuwa elfu 90. Alileta nyumbani taa na vitambaa vya rangi, hata nyumba ikawa nusu studio. Walakini paka walikuwa wa pale, Maria ndiye aliyewashika na kuwatuliza, na watoto wake mwenyewe wamo katika picha. Alipendelea kushuka chini, lenzi ikawa sawasawa na macho ya paka. Huko kulala sakafuni kuna maana kuliko ufundi. Atazamaye kutoka juu humwona mnyama kama mali yake. Ashukaye humwona kama mwenyeji aliyeketi naye jamvini.

Katika habari hizi faida tatu zajidhihirisha. Ya kwanza ni ya mnyama mwenyewe: hahamishwi, hafungwi kapuni, havikwi asichokijua. Ya pili ni ya mwenye mnyama. Mbwa huishi miaka kumi na kitu tu, na kwa hiyo mtu amfugaye huikubali huzuni tangu siku ya kwanza. Siku ikifika, ambacho mtu hukitafuta si umbo la mbwa tu, kwa kuwa mbwa wenye umbo lile ni wengi. Hutafuta namna yake ya kulaza kidevu juu ya kizingiti, na kiti alichokatazwa akakipanda. Mambo hayo hayahamishiki studioni, kwani nusu yake ni mnyama na nusu ni nyumba.

Faida ya tatu ni ya mwanahistoria. Pazia lililochorwa halisemi lolote juu ya watu, ila kwamba walikuwa na fedha ya picha. Picha ya paka jikoni husema jiko lilikuwa la namna gani, sakafu ilikuwa ya nini, nani alikaa karibu na moto, na kama mnyama alikula ndani au alitupiwa nje. Hayo yote hakuna aliyekusudia kuyaandika, na kwa sababu hiyo huaminika. Hasara ya kukosa ushahidi huo yaonekana kwa kwaga, jamaa ya punda milia wa Afrika ya Kusini. Zipo picha tano tu za kwaga aliye hai, zote za jike mmoja, zilizopigwa katika bustani ya wanyama ya London kati ya miaka ya 1863 na 1870. Wa mwisho alikufa Amsterdam mwaka 1883. Mabaka yake twayaona, kwao hatukuoni. Amesimama uani kwa watu, na hapana picha hata moja itakayosema alisimamaje nyikani.

Yamkini mtu atasema kwamba nyumba ni mahali pabaya pa kupigia picha: mwanga ni haba, vyombo vimetawanyika, na mnyama hujificha chini ya kitanda. Maneno hayo ni kweli, na zamani yalikuwa kweli zaidi. Lakini dirisha moja na subira vilikuwa vikitosha hata kabla ya filamu za nguvu kupatikana, na vyombo vilivyotawanyika ndivyo vitakavyosomwa baadaye. Ama mnyama aliye chini ya kitanda, yu katika haki yake. Mwenyeji ana ruhusa ya kukataa kuonekana, na mgeni mwenye adabu hungoja barazani.

Leo chombo hakimzuii mtu tena. Simu ya mkononi hupiga picha usiku na mchana, na mbwa na paka wa siku hizi hupigwa picha nyumbani kwao kuliko wakati wowote uliopita. Lakini kofia za Frees na baiskeli za Pointer zimerudi pia, na mara hii zimemfuata mnyama hadi kitandani kwake, kwa ajili ya kicheko cha watu asiowajua. Wenyeji wake waweza kumgeuza mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone: hiyo ndiyo sheria ya kale ya ugeni, na aingiaye na kamera hana ruhusa ya kuivunja. Akitoka na picha, naye amemwacha mnyama amelala pale pale alipomkuta, basi ugeni wake umekuwa mwema.